Mjinga wa Mwisho wa Najiweza

Ipo nchi iitwayo Najiweza. Waliofika huko wanasema ni nchi isiyo na kasoro, na waliozaliwa huko wanasema hivyo hivyo, kwa kuwa wenyeji wamekatazwa kusema vinginevyo na wageni wana adabu ya kuitikia wenyeji.

Huko Najiweza hakuna jambo linaloshindikana. Zamani yalikuwapo mengi, lakini Serikali iliunda Wizara ya Kujiamini, na tangu hapo idadi yake imeshuka mwaka hadi mwaka. Kila siku, saa moja kamili asubuhi, raia husimama mbele ya kioo kilichogongwa muhuri wa Wizara, akajitazama machoni na kutamka mara saba: "Mimi ni hodari. Mimi nimekamilika. Sina nilichopungukiwa." Asiye na kioo huruhusiwa kutumia beseni la maji, mradi maji yawe yametulia. Asiye na maji hutamka huku akiwa amefumba macho, na huhesabiwa kwamba amejiona.

Daraja la Mto Kengeza lilipochukuliwa na mafuriko, wahandisi watatu walitumwa ukingoni kulitamkia. Walitamka kwa siku tisa kwamba daraja lipo, ni imara, na linapitika. Siku ya kumi Wizara ilitangaza kuwa kazi imekamilika, na mhandisi mkuu akapewa heshima ya kuwa wa kwanza kuvuka. Alipatikana maili mbili upande wa chini, akiwa na tope masikioni na nishani kifuani. Taarifa rasmi ilieleza kwamba mhandisi ameuvuka mto kwa urefu badala ya upana, jambo ambalo halijawahi kufanywa na taifa lingine lolote.

Ili watu wasirudi nyuma, iliteuliwa kamati ya kuyafuta maneno yanayovunja moyo. Kamati ilipiga marufuku "siwezi", ikapiga marufuku "sijui", ikapiga marufuku "labda". Hapo chai ikaletwa. Kamati iliporudi kutoka kwenye chai ilijitamkia kwamba imekwisha kumaliza, na ikawa imemaliza.

*

Bibi Zamoyoni aliishi ng'ambo ya mto huo, upande ambao daraja lilikuwapo kwa kauli. Alikuwa mama wa watoto wanne waliokwisha kutawanyika kutafuta maisha, na bibi wa mjukuu mmoja aliyeachiwa, Chausiku, mtoto wa miaka sita aliyebanwa na kifua tangu kuzaliwa. Zahanati ilimpa Chausiku dawa mbili, moja ya kunywa na moja ya kuchua kifuani. Zote zilitiwa katika chupa nyeupe za namna moja, zenye vifuniko vya namna moja, na zote zilinukia mnanaa. Tofauti ilikuwa katika karatasi iliyobandikwa ubavuni, na karatasi ile ilizungumza na wanaoijua lugha yake tu.

Siku moja Bibi Zamoyoni aliimimina ile ya kuchua katika kijiko na kukifikisha mdomoni mwa mtoto. Chausiku alipiga chafya, kijiko kikamwagika, na kesho yake mkeka ulioloa ulikuwa umebabuka rangi. Bibi aliutazama mkeka ule kwa muda mrefu. Kisha akachukua kigoda chake, akaenda kujiandikisha kisomo cha watu wazima.

Kisomo kilikuwa katika ghala la zamani la pamba, na mwalimu wake alikuwa Mwalimu Mbaruku, mtu mwembamba mwenye kikohozi cha chaki, ambaye hakupata kumwambia mtu kwamba amekosea. Alisema, "Rudia," basi. Wanafunzi walikuwa kumi na wanane, wengi wao kina mama, na walijiwekea sharti moja. Hakuna aliyeruhusiwa kusema amejua silabi mpaka aiandike kwa mkaa ukutani, juu ya kigoda chake, na mtu asiye rafiki yake aisome. Rafiki hakukubaliwa, kwa sababu rafiki husoma hata kisichoandikwa.

Mwalimu alimsomea Bibi Zamoyoni zile karatasi, akamshauri afunge uzi mwekundu katika chupa ya kunywa na uzi mweusi katika ya kuchua, mpaka siku atakapojisomea mwenyewe. Bibi akafunga. Ukutani, juu ya kigoda chake, mkaa ulikuwa umefika na, ne, ni, no, nu.

*

Ndipo alipokuja Bwana Kirumbi, Afisa Kujiamini wa Kata. Alifika akiwa ameloa hadi kiunoni, maana alikuwa amepita darajani. Nyuma yake wapagazi wawili walikuwa wamejitwika kioo chenye ukubwa wa mlango na sanduku la vyeti.

Bwana Kirumbi aliwaeleza wanakisomo kwamba Wizara, baada ya utafiti wa kina uliofanywa kwa kujiamini, imegundua chanzo cha ujinga. Chanzo ni masomo. Mtu hukaa kwake kwa raha, akijiona hana upungufu, kisha anaitwa kisomoni na kuonyeshwa kila siku jambo jingine asilolijua. Ukatili huo, alisema, umekwisha. Kila mmoja angesimama mbele ya kioo, angetamka mara saba, "Najua kusoma na kuandika," na angepewa cheti.

Wa kwanza alikuwa Bi. Sijaona, jirani wa Bibi Zamoyoni, mwanamke mwepesi wa miguu na wa ulimi. Alitamka mara saba, akapewa cheti, akachovya kidole gumba katika wino na kukibonyeza mahali pa sahihi, kuthibitisha kwamba anajua kuandika. Wenzake wakafuata. Ghala likajaa wasomi wenye madole ya buluu.

Ilipofika zamu yake, Bibi Zamoyoni alikitazama cheti.

"Bwana Afisa, hapa pameandikwaje?"

"Pameandikwa kwamba unajua kusoma."

"Nami nitajuaje kama ndivyo palivyoandikwa?"

Bwana Kirumbi alimjibu kwa upole kwamba akikwisha kukipokea atajua. Bibi akamwomba basi amsomee neno moja tu, lolote, kwa kidole. Afisa alikohoa.

"Mama, mimi nilikwisha kusoma. Mtu aliyekwisha kula harudi jikoni kulamba sufuria."

Bi. Sijaona alimpiga mwenzake kikumbo cha siri. "Shoga, weka dole twende zetu. Dole si ulimi, haliapi."

"Dole langu halijui kusoma," alisema Bibi Zamoyoni, "nami sitalisingizia." Kisha akamgeukia Afisa na kusema bila ya kupandisha sauti, "Sijui kusoma, Bwana Afisa. Ninataka kujua."

Mama mmoja alivua kanga yake ya juu akakifunika kioo, kisije kikasikia.

*

Kisomo kilifungwa alasiri hiyo hiyo kwa kukosa wajinga. Mwalimu Mbaruku alihamishiwa makao makuu kufuta vioo vya Wizara kwa tambara, akapewa cheo cha Mkurugenzi Msaidizi wa Mng'aro. Bibi Zamoyoni alipewa barua ya kumwita mjini kujibu shitaka la Kujidharau Hadharani, na barua hiyo akaiweka chini ya mto wa kulalia, kwa kuwa hakukuwa na wa kumsomea tarehe.

Wiki haikupita, panya wakazila nyuzi. Walizila zote mbili, nyekundu na nyeusi, bila upendeleo. Na wiki hiyo hiyo kifua cha Chausiku kikabana, mtoto akawa anavuta pumzi kama mlango usiotiwa mafuta.

Bibi alizitia chupa zote mbili katika kikapu, akaenda kwa Bi. Sijaona, ambaye cheti chake kilikuwa kimetundikwa juu ya mlango. Bi. Sijaona aliinyanyua chupa ya kwanza, akaitazama kwa mbali kama mtu anayenunua kitambaa, akasema hii ni ya kunywa. Bibi akampa ya pili. Akasema nayo ni ya kunywa, ila inywewe polepole.

"Shoga," Bibi alisema, "unanitazama mimi. Tazama karatasi."

Bi. Sijaona aliitazama karatasi. Akaigeuza chupa, akaigeuza tena, akamrudishia mwenzake, akaingia ndani na kufunga mlango uliokuwa na cheti juu yake.

Kwenye zahanati alimkuta mganga mpya, ambaye alikuwa mlinzi wa zahanati hiyo mpaka alipojitamkia vinginevyo. Mganga alimweleza kwamba dawa haina ubaguzi na kwamba kinachoponya ni imani ya mnywaji. Bibi alimwuliza kama yeye angekunywa. Mganga alizitazama chupa, akakumbuka kwamba ana mgonjwa mwingine.

Kwa hiyo hakumpa mtoto hata moja. Alimkalisha wima, akamwegemeza kifuani pake, akampangusa jasho, na zile chupa mbili zikakaa mbele yao kama mashahidi waliokula kiapo cha kunyamaza. Alikuwa na dawa ndani ya nyumba na hakuwa nayo.

Alasiri ya siku ya pili askari wakaja kumchukua. Tarehe ya barua ilikuwa imepita. Alimwacha Chausiku kwa Bi. Sijaona, aliyefungua mlango kabla hajabisha, akampokea mtoto kwa mikono miwili. Chupa Bibi alizichukua mwenyewe.

*

Baraza la Wizara lilikuwa limezungukwa na vioo pande zote, hata mtu mmoja akisimama mbele yake huonekana kwamba amekuja na kijiji kizima. Kwenye kiti kirefu aliketi Waziri, Mheshimiwa Daktari Daktari Lukonge. Udaktari wa kwanza alijitamkia asubuhi na wa pili alijitamkia jioni ya siku hiyo hiyo.

Kesho yake asubuhi Waziri alihutubu kwa saa moja na nusu. Alisema taifa limetoka mbali na linakwenda mbali, na kwamba kati ya huko mbali na huko mbali ndiko lilipo sasa. Alisema raia milioni nane wamekwisha kujitangaza wasomi, amebaki mmoja, na huyo mmoja ni kama punje ya mchanga katika wali wa harusi. Akamwuliza mshitakiwa kama yuko tayari kutamka.

Kabla Bibi hajajibu, mtu mnene aliinuka kwa haraka na kwenda kumnong'oneza Waziri. Huyo alikuwa Mkurugenzi wa Idara ya Kufuta Ujinga. Vioo vilirudisha mnong'ono wake kila pembe, ikawa Baraza zima linausikia. Alikuwa akisema kwamba Idara ina watumishi mia mbili na sita na magari manne, na kwamba kwa sheria iliyoiunda, Idara itadumu maadamu yupo mjinga wa kufutwa. Huyu mama akitamka tu, hakuna Idara. Alisema hayo kwa machozi.

Waziri alifikiri. Vioo vyote vikaonyesha mawaziri wakifikiri.

"Ndugu wananchi," alisema hatimaye, "taifa lisilo na mjinga hata mmoja litajipima kwa nani? Mlima huonekana mrefu kwa sababu lipo bonde. Wizara haiwezi kukubali kupoteza bonde la mwisho."

Hivyo ndivyo Bibi Zamoyoni alivyotangazwa katika Gazeti la Serikali kuwa Mjinga wa Taifa. Alipewa kitambulisho chenye picha. Akasomewa haki zake, ambazo zilikuwa za zamani na hakuna aliyekumbuka kuzifuta: kila mjinga atapewa mwalimu mmoja, ubao mmoja, na boksi moja la chaki kwa mwaka. Akasomewa na sharti lake. Kila mwaka angekaguliwa, na siku ambayo ingethibitika kwamba anajua kusoma, cheo chake kingefutwa, na kisomo pamoja nacho.

Mjinga wa Taifa alikuwa na swali moja. "Mwalimu nitamchagua mwenyewe?"

Akamwonyesha mtu mwembamba aliyesimama nyuma ya nguzo na tambara mkononi.

Walirudi kwa gari la Mkurugenzi. Walipofika mtoni, dereva alitaka kupita darajani, kwa kuwa lilikuwamo katika ramani yake. Wakamwomba awashushe, wakavuka penye maji mafupi kwa miguu. Katikati ya mto, maji yakiwa magotini, Bibi alizitoa zile chupa kikapuni. Mwalimu alizisoma hapo hapo na kufunga uzi mwekundu na uzi mweusi aliouchomoa katika tambara la Wizara. Jua lilikuwa bado halijazama Chausiku alipokunywa kijiko chake, akachuliwa kifua, akapumua.

*

Kisomo kilifunguliwa kikiwa na mwanafunzi mmoja. Mwalimu alisimama mbele ya ubao, Bibi Zamoyoni akaketi juu ya kigoda, na ukuta uliobaki ulikuwa wa silabi za watu waliokwisha kuhitimu.

Siku ya tatu Bi. Sijaona alikuja kuchukua kigoda chake alichokisahau. Ili kukichukua ilimpasa kwanza akae juu yake, aone kama ndicho. Ilimchukua miezi minane. Mganga wa zahanati alikuja kupima madirisha, akawa anayapima kila siku saa tisa, wakati wa somo. Wengine walipita tu, wakachoka, wakaegemea ukuta wa nje. Kwa kuwa walikuwa na vyeti hawakuweza kuhesabiwa kuwa wanafunzi, na kwa kuwa hawakuwa wanafunzi hawakuwa na haki ya ukuta wa ndani. Basi mkaa ukaanza kuonekana nje ya ghala, ba, be, bi, kila silabi ikiwa imeandikwa na mtu ambaye hakuwapo.

Bwana Kirumbi hakuweza kulinyamazia jambo hilo. Alikuja kila siku kusimama dirishani, kuhakikisha kwamba hakuna anayejifunza, na ili ahakikishe vema alilazimika kusikiliza kila kitu. Siku moja alikuja na mgeni mrefu aliyevaa miwani myeusi na kofia hadi kwenye nyusi, akamtambulisha kuwa ni fundi wa dari. Fundi aliketi nyuma akitazama juu. Midomo yake ilikuwa ikisema pa, pe, pi, po, pu. Alipokwama, Bi. Sijaona alimwambia bila ya kugeuka, "Rudia, Daktari Daktari," na fundi wa dari akarudia.

Mwezi wa nane, asubuhi moja, Bibi Zamoyoni aliketi mlangoni pake akaziweka chupa mbili mbele yake. Aliisoma ya kwanza kwa kidole, taratibu, kama mtu anayepita penye utelezi. Akaisoma ya pili. Akamwita Chausiku azifiche mgongoni, azibadilishe apendavyo, kisha amwonyeshe karatasi tu, uzi usionekane. Alisoma mara kumi, na mara kumi hakukosa. Ndipo akachukua wembe akaukata uzi mwekundu, akaukata na mweusi, akawatupia panya.

Aliimba siku nzima. Jioni akakumbuka sharti, akanyamaza.

*

Siku ya ukaguzi, ghala lilijaa watu ambao hawakuwapo. Walikuwa dirishani, mlangoni, na wengine wamekaa kabisa, vigoda chini yao, wakisema wanapumzika. Wengi wao walikuwa wamefika pa na ta. Mganga wa zahanati alikuwa amefika sa, na alikuwa amekwisha kurudisha chupa tatu kabatini kwake baada ya kuzisoma na kuona sizo.

Usiku uliotangulia Bi. Sijaona alikuwa amemwendea jirani yake, akamsihi. Neno moja tu, "sijui", alisema, neno lile lile alilokuwa tayari kushitakiwa kwalo mwaka jana. Bibi Zamoyoni alimjibu kwamba mwaka jana lilikuwa kweli.

Bwana Kirumbi alisimama mbele ya ubao akiwa na fomu. Ilikuwa na vyumba viwili, upande wa kulia Anajua, upande wa kushoto Hajui, navyo alikuwa amevikariri kwa mikono yake. Alipangusa uso.

"Bibi Zamoyoni, Mjinga wa Taifa, je, unajua kusoma?"

Bibi aliwatazama watu. Akisema anajua, wangerudi majumbani kwenye vyeti vyao na chupa zao. Akisema hajui, angekuwa ameweka dole lake katika wino ule ule alioukataa, tofauti ikiwa ni chumba tu. Akaikumbuka karatasi ya dawa, ambayo aliisoma bila kukosa. Akalikumbuka Gazeti la Serikali lililomtangaza, ambalo jana alijaribu kulisoma akakwama mstari wa tatu, penye maneno marefu kama treni.

"Bado," alisema.

Bwana Kirumbi aliyapitisha kichwani maneno yaliyopigwa marufuku. Siwezi. Sijui. Labda. Akayapitisha tena, akihesabu kwa vidole. Hili halikuwamo. Akatazama chumba cha kulia, akatazama cha kushoto, na hakuona pa kulitia. Kanuni, aliyoikumbuka vizuri mno, ilisema jibu lisilo na chumba liandikwe pembeni kwa mkono wa afisa mwenyewe.

Akatoa kalamu. Kalamu ikasimama juu ya karatasi. Watu wote waliotazama walijua kusubiri kwa namna ile, maana kila mmoja alikuwa amekwisha kusubiri hivyo mbele ya ukuta na mkaa mkononi.

"Mama," Afisa alisema chini kwa chini, "mkono wangu leo umechoka. Niandikie wewe."

Bibi Zamoyoni alipokea kalamu, akainama, akaandika pembeni mwa fomu ya Serikali, kwa herufi kubwa zilizonyooka. Kisha akamrudishia karatasi, akakunja mikono na kungoja, kama sharti lao lilivyotaka. Bwana Kirumbi hakuwa rafiki yake.

Afisa alitazama. Kidole chake kikatambaa.

"Ba," alisema. Jasho lilimdondoka puani. "Ba... do."

Mwalimu Mbaruku, kwa mazoea tu, akasema, "Rudia."

"Bado," alisema Bwana Kirumbi, kwa sauti ambayo hakupata kuitumia mbele ya kioo chochote, akagonga muhuri.

Fomu ile ilipelekwa Wizarani, na kwa kuwa jibu lake halikuwa na chumba, ikaundiwa kamati. Mpaka hapo itakapotoa uamuzi, kisomo kinaendelea. Kila mwaka Bwana Kirumbi huvuka mto akaenda kuuliza kama kamati imemaliza, na kamati humjibu kwa neno lile lile, kisha ikaletewa chai.